Mlango wa Saa Kumi Alfajiri

Jumapili, usiku. Soksi zangu nimezitandaza juu ya hita ya hoteli na bado hazijakauka. Mawe ya Yerusalemu yakinyeshewa yanateleza kama sabuni, na hapa kila kitu ni jiwe: njia, ngazi, kuta, hata kibaraza cha muuza juisi. Nimeanguka mara mbili ndani ya siku nne. Mara ya pili kijana mmoja mwenye mkokoteni wa mikate ya ufuta, ile mirefu ya duara, aliniinua, akanifuta begi kwa kiganja, akaniuliza kama nimeumia, kisha akaniuzia mkate kwa shekeli kumi. Nikalipa. Ulikuwa wa moto.

Naandika leo kwa sababu kesho tunaondoka, na nikishafika nyumbani nitaanza kuisimulia safari hii jinsi watu wanavyopenda kuisikia.

Niseme ukweli tangu mwanzo: mimi nilikuja kwa ajili ya Kaburi. Wenzangu kwenye kundi walikuwa na hamu na Bethlehemu, wengine na Galilaya na maji ya Yordani. Mimi nilitaka niingie Kanisa la Kaburi Takatifu, nipige magoti, nitaje majina. Yalikuwa kumi na tisa kwenye ukurasa mmoja wa daftari. Ndugu, wagonjwa, watu wawili nilioudhiana nao. La mwisho ni la mwenzangu wa kazini, Mwislamu, ambaye siku ninamuaga aliniambia, "Ukifika Baitul Maqdis unisalimie. Na mimi unitaje." Ndivyo Waislamu wanavyoiita Yerusalemu. Nikamuuliza nimtaje kwao au kwetu. Akacheka. "Wewe nitaje tu, dada."

Alhamisi asubuhi tulianza na uwanja wa Al-Aqsa, kwa kuwa wasio Waislamu wana saa chache tu za kuingia, na Ijumaa na Jumamosi hawaingii kabisa. Lango letu lilikuwa moja, la Mughrabi, unapandia daraja la mbao lililopita juu ya uwanja wa Ukuta wa Magharibi. Kwa hiyo kabla hujaiona Kuba ya Mwamba unawaona kwanza Wayahudi chini yako, wameegemeza vipaji vya nyuso kwenye mawe. Kiongozi wetu alikuwa ameshatuonya: Biblia na rozari ziachwe hotelini, na ukiwa juu usisali, hata midomo isicheze.

Bibi yetu (ndivyo tunavyomwita sote, ana miaka sabini na kitu na ndiye ninayelala naye chumba kimoja) midomo yake ilikuwa inacheza.

"Bibi, tutatolewa."

"Naimba moyoni, mwanangu. Midomo ndiyo inanisaliti."

Nilitegemea kiwanja kidogo kilichobanwa. Kumbe ni hekta kama kumi na nne, na ni mahali pa watu kuishi. Watoto walikuwa wanacheza mpira kati ya mizeituni, akina mama wameketi juu ya mikeka na chupa za chai. Katikati ndiyo Kuba, iliyojengwa na Khalifa Abdulmalik bin Marwan na kumalizika mwaka 691 au 692, juu ya mwamba ambao Waislamu wanaamini Mtume alipaa kutoka hapo usiku wa Miraji. Wayahudi nao wanaamini Hekalu lao lilisimama hapohapo. Jiwe moja. Ndani hatukuruhusiwa. Nikapiga picha ya vigae vya bluu kwa ajili ya mwenzangu, na nikalitaja jina lake kimoyomoyo, macho wazi, mikono mfukoni, kama mtu anayesubiri daladala. Sijui kama hiyo ilikuwa sala. Askari hakuona kitu.

Tulipotoka tulipita mtaa mwembamba karibu na Lango la Majlisi, na hapo mzee mweusi kama mimi alikuwa ameketi mlangoni. Bibi akamwamkia "shikamoo" bila kufikiri. Mzee akajibu kwa Kiarabu, na mkono kifuani. Kiongozi akatueleza kwamba pale wanaishi familia zenye asili ya Chadi, Sudani, Nigeria na Senegali, kwenye majengo ya karne ya 13 yaliyojengwa kwa ajili ya mahujaji maskini, na ambayo Waosmani walikuja kuyageuza gereza. Wengi wa mababu zao walihiji Maka, wakapitia hapa kukamilisha hija yao, na hawakurudi kwao. Nilitembea nikiwaza hilo mpaka hotelini: mtu anaaga nyumbani kwamba anakwenda kusali, halafu miaka mia baadaye mjukuu wake ni mwenyeji wa Yerusalemu.

Sasa Ijumaa, ambayo ndiyo hasa niliyotaka kuiandika.

Tuliamka saa tisa usiku, mimi, Bibi na wengine wanne. Mji Mkongwe wote haufiki kilomita moja ya mraba, kwa hiyo tulitembea, tukiwa tumeshikana mikono kwa ajili ya utelezi. Maduka yote yalikuwa yamefungwa milango ya chuma. Paka tu. Saa kumi kasoro tukawa mbele ya kanisa, kwenye ua mdogo ambao picha zote huufanya uonekane mkubwa.

Juu ya mlango, chini ya dirisha la kulia, ipo ngazi. Ngazi ya mbao tu, fupi, ya fundi. Tayari ilikuwapo kwenye mchoro wa mwaka 1728, na sababu ya kutoondolewa ni kwamba hakuna anayeruhusiwa kuigusa bila wengine kukubali. Kanisa hili wanaligawana Waothodoksi wa Kigiriki, Wakatoliki kupitia Wafransisko, Waarmenia, Wakopti, Wasiria na Wahabeshi. Nani anafagia ngazi ipi, nani anawasha taa ipi, nani anasali saa ngapi, vyote vinafuata utaratibu wa kwamba mambo yabaki yalivyo, ambao Sultani wa Kiosmani aliuthibitisha mwaka 1852. Usidhani ni mzaha. Mwaka 2002, juu ya paa, ambako watawa wa Kihabeshi wanaishi kwenye vijumba vya udongo, mtawa mmoja wa Kikopti alisogeza kiti chake kivulini kwa sababu ya jua. Ukatokea ugomvi, watu kumi na mmoja wakapelekwa hospitali. Kwa kiti.

Mlango ulikuwa umefungwa. Kisha kwenye njia nikasikia viatu, na mzee mmoja akaja na koti zito na ufunguo wa chuma mrefu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi kiganja. Ni Mwislamu. Familia ya Joudeh ndiyo hutunza ufunguo, familia ya Nusseibeh ndiyo hufungua na kufunga, na wote husema kazi hii ni ya mababu zao. Kwa simulizi moja ilianza enzi za Salahuddin, aliyeuteka mji mwaka 1187. Hawa Nusseibeh wanairudisha nyuma zaidi, hadi kwa Khalifa Umar.

Mzee alibisha. Kutoka ndani, kwa watawa waliojifungia usiku kucha wakisali, kidirisha kidogo kwenye ubao wa mlango kikafunguka na ngazi nyingine, nyembamba, ikasukumwa nje. Yeye akaiegemeza, akapanda vipawa vichache kwa uangalifu wa mtu mwenye magoti mabovu, akafungua kufuli la juu. Akashuka. Akafungua la chini. Akaingiza ngazi mahali pake. Mlango ukalia. Mambo yote hayakufika dakika tano, na hakuna aliyesema neno la ibada. Mtawa aliyetokea ndani alimwuliza kitu, nadhani kuhusu mvua, na mzee akatikisa kichwa kuelekea mbinguni kama mtu aliyechoshwa na masika.

Bibi akaninong'oneza, "Kwa hiyo asipoamka?"

"Hatuingii."

"Wote?"

"Wote, Bibi. Hata askofu."

Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi Mungu ampe afya." Alikuwa wa kwanza kuvuka kizingiti.

Ndani kulikuwa na ubani wa kukaba koo. Watu waliinama moja kwa moja kwenye Jiwe la Mpako, ambapo inasimuliwa mwili wa Yesu ulipakwa mafuta kabla ya kuzikwa, wakalipangusa kwa vitambaa vya mafuta. Bibi alilala juu yake kifudifudi, na nilisimama nyuma yake nikihofia hatainuka. Halafu foleni ya Kaburi. Nilikuwa nimeambiwa alfajiri hakuna foleni. Ipo. Tulisubiri ibada moja iishe, kisha tukaanza kusogea, na mama mmoja aliyefunga kilemba cheupe akapita pembeni yangu kana kwamba sipo. Nikamwekea kiwiko. Ndiyo, mimi, hatua kumi kutoka mahali alipolazwa Bwana, nilimwekea mtu kiwiko. Akanitazama, nikamtazama. Akarudi nyuma. Nikajiona nimeshinda, na hapohapo nikatamani ardhi inimeze.

Unaingia kwanza chumba cha Malaika, halafu mlango mfupi unaokulazimisha uiname, halafu chumba chenyewe, kinachowatosha watu watatu au wanne wakibanana. Bamba la marumaru limefunika mahali penyewe. Juu taa nyingi za mafuta zinaning'inia. Nilipiga magoti, nikaweka viganja juu ya marumaru. Ilikuwa ya baridi na laini, kama ukingo wa sinki uliosuguliwa miaka mingi.

Na kichwani mwangu hamkuwa na kitu.

Sikukumbuka jina hata moja. Daftari lilikuwa ndani ya begi na begi liko chini ya koti. Nilichokumbuka ni kwamba soksi zangu zimelowa. Nililiwaza hilo kwa makini kabisa, soksi, soksi, na nikasikia mtawa aliye nje akigonga mbao kwamba muda umekwisha. Nikabusu jiwe, nikatoka kinyumenyume. Yule mama wa kilemba cheupe alikuwa anafuata. Alipotoka alikuwa analia machozi ya mtu aliyepokelewa.

Nilikaa kwenye kibao karibu na nguzo, nimenuna. Ndipo adhana ya Alfajiri ikaingia, kutoka Msikiti wa Umar ulio hatua chache ng'ambo ya ua, ikapita mlango uleule uliofunguliwa na yule mzee, ikachanganyika na Waarmenia waliokuwa wakiimba upande mmoja. Inasimuliwa kwamba Khalifa Umar alipokuja hapa karne ya 7, Patriaki Sophronius, mkuu wa Wakristo wa mji, alimkaribisha asali ndani ya kanisa, naye akakataa, akihofu Waislamu wa baadaye wasije wakalidai kwa hoja kwamba Umar alisali humo. Akasali nje. Nilikuwa nikiisikia hadithi hiyo kama hadithi ya upendo. Safari hii niliisikia kama hadithi ya mtu aliyewajua watu wake vizuri.

Mchana tulifuata Njia ya Msalaba pamoja na Wafransisko, wanaoanza saa tisa kila Ijumaa wakati wa baridi. Katikati ya soko. Unaimba juu ya Veronika aliyempangusa Yesu uso huku mtu anauliza kama unataka skafu. Tulikuwa tunakaribia kanisa pale king'ora kilipolia, kile kirefu, mji mzima. Bibi alinivuta ukutani na kunifunika kichwa kwa mkoba wake. Mwenye duka la viungo akatoka, akatutuliza kwa viganja: "Shabbat, Shabbat." Kumbe ni tangazo la kuingia kwa Sabato, Wayahudi wawashe mishumaa. Yeye mwenyewe Mwarabu, lakini ndiye aliyetueleza, akampa Bibi kiti na kikombe cha chai ya mnanaa. Alisema dada yake ameolewa Bethlehemu, kilomita zisizozidi kumi, na mara ya mwisho kibali chake cha kuja kilikataliwa. Sisi tulikuwa tumepanda ndege mbili na kugongewa muhuri kwa tabasamu. Sikuwa na la kusema, nikanywa chai.

Jumamosi ilikuwa mvua tupu, sina la kuandika.

Leo asubuhi, kabla ya kufunga mizigo, tulipitia Ukuta wa Magharibi. Wanaume upande wao, wanawake wetu, ambao ni mdogo zaidi na umejaa zaidi. Kila ufa una vikaratasi vilivyokunjwa. Huondolewa mara mbili kwa mwaka, kabla ya Pasaka yao na kabla ya mwaka wao mpya, na huzikwa Mlima wa Mizeituni, hawavichomi wala kuvitupa. Nikafungua begi kutafuta kitambaa cha kufuta pua, nikakutana na daftari.

Nilisita. Majina kumi na tisa ya Wakristo, ukimtoa mmoja, niliyoyaleta kwa ajili ya Kaburi na nikayasahau Kaburini. Binti wa Kiyahudi kando yangu alikuwa anasoma Zaburi huku akiyumba, kitabu kimefunika uso. Nikauchana ukurasa, nikaukunja mara tatu, nne, mpaka ukawa kama punje ya mahindi.

"Bibi, ni sawa kweli nikiweka hapa?"

Alikuwa ameshaanza kuondoka kinyumenyume kama alivyowaona wenzetu wakifanya, bila kuupa Ukuta mgongo.

"Weka upesi, mwanangu, basi litatuacha."

Ufa wa kimo changu ulikuwa umejaa. Binti akashusha kitabu, akaninyooshea kidole mahali palipokuwa na nafasi, chini kidogo, upande wa kushoto. Nikausukumiza humo kwa kidole gumba, nikakimbia.