Isimila kwa macho ya fundi mwashi

Ukitafuta kwenye simu yako Isimila, eneo la Zama za Mawe karibu na Iringa, picha zitakazokuja karibu zote ni za nguzo: minara myekundu imesimama bondeni, na chini yake mtu kanyoosha mikono ili ukubwa wake uonekane. Nguzo hizo ni nzuri kweli, nami nitazifikia. Lakini mimi ni fundi mwashi, kazi yangu ni misingi na kuta za mawe hapa Mbeya, na nilichotamani miaka mingi kukiona Isimila ni kile kilicholala chini, ambacho wageni wengi hukiruka wakiwahi nguzo.

Mama yangu alitulea kwa kokoto. Alikaa kando ya barabara na nyundo, jiwe amelizungushia kipande cha mpira wa tairi lisiruke, akaponda mpaka lundo likafika kuuzwa. Sisi watoto tukitoka shule tulikaa naye. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba jiwe hugeuzwa kwanza ndipo hupigwa. Jiwe zima ukiligonga linalia, lenye ufa halilii. Ukilipiga katikati unauchosha mkono bure. Ukilipiga karibu na ukingo, nyundo imelala kidogo, kibanzi kinatoka chenyewe kikiwa na makali ya kukata ngozi. Ana makovu ya vibanzi hivyo mpaka leo.

Basi nilipopata nafasi nilimpitia mpwa wangu kule Makambako, yuko kidato cha pili, tukapanda basi la Iringa. Nilipomwambia tunakokwenda akasema, "Mjomba, hapo tulipakariri kidato cha kwanza. Isimila, Olduvai, Kondoa, Engaruka." Alizitaja kwa mpigo. Hakuwa amewahi kuambiwa kwamba mojawapo iko jirani na barabara kuu anayoiona kila siku. Ukitokea Mbeya unapita Mafinga na misitu ya Sao Hill, unapita Ifunda, na Isimila unaifikia kabla ya Iringa mjini, zikiwa zimebaki kama kilomita 20. Kutoka lami ni mwendo mfupi wa miguu kwenye barabara ya vumbi.

Mzee mmoja langoni alitupokea kwa "Kamwene", mpwa wangu akaitikia vizuri kuliko mimi. Kisha dada mwongozaji akatuuliza swali ambalo nadhani humuuliza kila mtu: tuanze na nguzo? Nikamwomba, "Dada yangu, tuanze na mawe ya watu, zile zana." Alicheka, akaonekana kufurahi.

Korongo la zana halina cha kukushtua ukiwa mbali. Ni bonde kavu la mchanga mweupe na kijivu, kingo zake zimekatwa na maji ya mvua. Hapo zamani palikuwa na maji, wanyama wakija kunywa na watu wakiwafuata. Tabaka juu ya tabaka la mchanga na tope likafunika vilivyoachwa ufukweni, na baadaye mvua zikaanza kulichimba korongo na kuvifunua tena. Mwaka 1951 mwanafunzi kutoka Afrika Kusini, D. Maclennan, alipita njia hii akaokota baadhi ya zana hizo. Mwaka 1957 na 1958 Clark Howell wa Chuo Kikuu cha Chicago akaja kuchimba na wenzake, wakakuta mashoka ya mkono, yaani mawe yaliyochongwa makali na kushikwa kiganjani bila mpini, kwa wingi wa kushangaza, na mifupa ya wanyama. Miongoni mwao alikuwemo kiboko wa aina iliyokwisha kutoweka, macho yake yamepanda juu sana ya kichwa, hivyo aliweza kuzama karibu mwili mzima huku akikutazama. Vipimo vilivyofanywa kwenye mifupa, na kuchapishwa mwaka 1972, viliipa sehemu hii umri wa miaka 260,000 hivi.

Yule mwongozaji alinipa shoka moja nilishike. Hapa naomba uvumilivu, maana hapa ndipo moyo wangu ulipokuwa.

Lina umbo la tone la maji, chini pana, juu limechongoka. Mtu asiyefanya kazi ya mawe ataona jiwe lililochongwa. Mimi niliona mapigo. Kila kibanzi kinapotoka huacha kidimbwi kidogo, na ukilaza jiwe kwenye mwanga wa pembeni unaona kila kidimbwi kilianzia wapi. Fundi yule alipiga upande huu, akaligeuza, akapiga upande wa pili, akaligeuza tena, akiufuata ukingo wote. Hakupiga ovyo. Pigo moja hutengeneza kipembe ambacho pigo linalofuata litasimamia. Karibu na ncha mapigo ni madogo, mepesi, kwa sababu hapo ukizidisha nguvu jiwe linakatika na kazi yote imekwisha. Nikaligeuza kulitazama kwa ubavu: makali yamenyooka. Nikalisimamisha kwenye kiganja: kulia na kushoto vinalingana. Hakuna timazi, hakuna pimamaji, hakuna tindo. Jicho na jiwe la kupigia.

Na mawe yenyewe si laini. Mengine ni kwazaiti, mengine ni itale, na mengine ni jiwe la punje ndogo sana linaloitwa mailonaiti, ambalo hupasuka vizuri zaidi. Yapo mashoka yanayopita sentimita 30 kwa urefu. Ili upate shoka la namna hiyo, mara nyingi kwanza unabandua pande kubwa kutoka kwenye jiwe mama, kisha ndipo unaanza kulichonga. Nimewahi kubandua pande la ukubwa huo kwa nyundo ya chuma yenye mpini mrefu, na najua mabega yalivyokuwa jioni yake. Mtu wa Isimila alilibandua kwa jiwe alilolishika mikononi.

Mpwa wangu akaniuliza, "Mjomba, ungeweza kulitengeneza?" Nikamjibu kwamba la kukatia nyama, ndiyo, nikipewa asubuhi nzima. La kulingana namna hii, hapana, mpaka nikae chini ya mtu anayejua. Na hilo ndilo lililonikaa kichwani: lazima alikuwepo wa kukaa chini yake. Kazi ya namna hii haitoki kichwani mwa mtu mmoja. Kulikuwa na mkubwa anayepiga na mdogo anayetazama, hapo hapo kwenye mchanga ule.

Nguzo ziko korongo la jirani, unateremka na kupita chini yake. Zimeachwa na maji: mvua imekula udongo laini na kuacha palipofunikwa na tabaka gumu, ndiyo maana vichwani nyingi zina kofia. Hakuna aliyezisimamisha. Zinapendeza, hasa jua likiwa limelala na wekundu ukakolea, na tulipiga picha kama wengine.

Huwa natazama sana kwenye mtandao mawe yaliyosimamishwa na watu nchi nyingine. Stonehenge ya Uingereza, ambapo miaka 4,500 hivi iliyopita mafundi walichonga ulimi juu ya jiwe lililosimama na tundu kwenye jiwe la kulalia juu yake, viungo vya seremala vikafanywa kwenye mawe ya tani nyingi. Aksum kule Ethiopia, kuna nguzo ya mita 24 iliyochukuliwa ikapelekwa Roma na kurudishwa mwaka 2005, na nyingine ya mita 33 iliyolala imevunjika. Navipenda vitu hivyo na natamani kuvigusa. Lakini huniuma ninaposikia Mtanzania akisema sisi hatukuacha chochote cha mawe. Siku Stonehenge inasimamishwa, mashoka ya Isimila yalikuwa chini ya mchanga kwa muda ambao akili yangu haiwezi kuuhesabu.

Tulilala Iringa kwa ndugu yangu wa kike, na kesho yake tukapanda Gangilonga kutazama mji. Wenyeji wanasimulia kwamba Mtwa Mkwawa alikuwa akilijia jiwe lile kutafuta shauri nyakati za vita na Wajerumani. Tulikuta vijana wamekaa juu yake na redio. Igeleke, nje kidogo ya mji, kulikuwa kimya zaidi: mwamba mkubwa umeinama, na chini yake michoro myekundu ya watu na wanyama, mingine imefifia mpaka uoneshwe kwa kidole. Mtu fulani amekwaruza jina lake karibu na michoro hiyo. Nilikasirika, na bado nimekasirika ninapoandika haya.

Kwa atakayekwenda Isimila: kutoka Iringa mjini panda gari dogo la Mafinga, mwambie kondakta akushushe kwenye kibao cha Isimila. Nenda asubuhi, kwenye makorongo hakuna kivuli mchana. Ingia kwanza jumba dogo la makumbusho, kisha mwombe mwongozaji akupeleke korongo la zana kabla ya nguzo, na umpe muda aeleze. Ukiruhusiwa kushika shoka, lilaze kwenye mwanga wa pembeni upate kuona mapigo. Ukikuta kibanzi njiani, hata kidogo, kiache pale pale kilipo, kwa sababu mahali kilipolala ni sehemu ya habari yake. Mpwa wangu amekwishaahidi kuwaleta wenzake wa shule, nami nimemwambia nitachangia nauli.