Sista aliyebebwa

Nimetoka zamu ya usiku asubuhi hii. Badala ya kwenda kulala, nimepitia mtaa wa Saint-Boniface, hapa hapa Winnipeg, Kanada.

Usiku mgonjwa wangu, bibi mmoja, alinisimulia habari za Grey Nuns, masista Wakatoliki. Wanne waliondoka Montreal Aprili 1844, wakafika hapa Juni.
Karibu miezi miwili kwa mtumbwi, jamani!

Njiani mmoja wao, Sista Lagrave, akategua mguu. Waongoza safari wakataka kumwacha.
Wapiga makasia wawili wa Kiirokwa, wenyeji wa asili, wakasema hapana, tutambeba.
Kila walipolazimika kutoka majini na kutembea nchi kavu, walimbeba.
Na huyo ndiye aliyekuwa anakuja kuuguza wengine.

Nyumba yao bado imesimama. Nje mbao nyeupe, ndani yake magogo ya mwaloni. Nimepita hapo mara ngapi bila kujua!

Nimesimama getini, miguu imevimba kwa masaa 12 ya wodini, nikamkumbuka mama yangu mkunga, akivushwa mto usiku, chemli mkononi.

Machozi yamenitoka.

Manesi wenzangu, nani aliwatangulia ninyi? Nisimulieni, nasoma zote.