Taka mbichi na taka kavu zisikutane

Ukitaka kujua kama taka za nyumba zitarejelezwa au zitaishia jalalani, usiangalie rangi ya pipa. Angalia kama mabaki ya chakula yamelala juu ya magazeti. Karatasi iliyolowa mafuta haifai tena: kiwandani hulowekwa mpaka iwe rojo, na mafuta hayo hung'ang'ania kwenye nyuzi, karatasi mpya ikatoka na madoa na matundu. Basi anza na vyombo viwili tu, cha taka mbichi kiwe na kifuniko, na cha taka kavu. Mapipa matano ya rangi ni mapambo kama hivi viwili bado vinachanganywa.

Taka mbichi huonekana hazina madhara kwa kuwa zitaoza zenyewe. Kuoza ndiko kwenye tatizo. Zikifukiwa jalalani hewa haizifikii, na bakteria wasiohitaji oksijeni huzigeuza methani, gesi inayonasa joto takribani mara 28 kuliko kaboni dioksidi katika kipindi cha miaka 100, na zaidi ya mara 80 ukihesabu miaka 20 pekee. Zikioza penye hewa, methani inayotoka ni kidogo sana, na unabaki na mboji.

Lundo la mboji liwe na mita moja kila upande. Dogo zaidi ya hapo halishiki joto. Kwa kila ndoo ya mabichi tia ndoo mbili hadi tatu za makavu: majani yaliyokauka, maboksi yaliyochanwachanwa, vumbi la mbao. Fumbata konzi moja uiminye: mkono ulowe, yatoke matone mawili matatu, yasichuruzike. Likienda vizuri, katikati hufika nyuzi joto 55 hadi 65. Harufu kali ya mkojo maana yake mabichi yamezidi, ongeza makavu. Harufu ya mayai viza ni dalili kwamba hewa imekosekana. Geuza lundo lote, cha ndani kije nje. Likikaa baridi wiki nzima, mara nyingi limekauka au mabichi ni machache. Nyama na mifupa acha, huita panya.

Sasa plastiki, ambako watu hudanganywa zaidi. Ile pembetatu ya mishale yenye namba 1 hadi 7, iliyoanza kutumika mwaka 1988, hutaja aina ya plastiki, haiahidi kwamba itarejelezwa. Zenye soko ni namba 1 (PET, chupa za maji na soda), namba 2 (madumu na chupa za sabuni), na kwa kiasi fulani namba 5. Namba haisomeki? Kata kipande kidogo, kizamishe kwenye maji na kukisugua ili mapovu ya hewa yatoke. PET huzama, namba 2, 4 na 5 huelea. Viwanda navyo hutenganisha kwa njia hiyo hiyo. Shida ni kwamba PVC, namba 3, plastiki ya mabomba ya maji, nayo huzama. PET huyeyuka karibu nyuzi 250, na kabla ya kufika hapo PVC imeshaanza kuungua na kutoa asidi inayodhoofisha PET na kuiachia vidoa vyeusi. Vipande vichache tu huharibu mzigo mkubwa.

Suuza chupa kwa maji yaliyokwisha kuoshea vyombo. Kutumia maji safi ni kuhamisha hasara. Pakiti za tabaka za plastiki na alumini zilizobandikwa pamoja usizitie kwenye taka za kurejelezwa kwa matumaini, kuzibandua ni ghali kuliko thamani yake. Kwa ujumla, hadi mwaka 2015 ni takribani asilimia 9 tu ya taka zote za plastiki zilizowahi kuzalishwa zilizokuwa zimerejelezwa. Kwa plastiki, kutonunua kunashinda kurejeleza.

Alumini ni kinyume chake: kuyeyusha kopo kuukuu huokoa karibu asilimia 95 ya nishati ya kutengeneza alumini kutoka kwenye madini. Chupa za kioo ni sawa pia, ila bakuli za kuokea kwenye oveni zikae mbali nazo, kwa sababu huyeyuka kwa joto la juu zaidi na kuacha vinundu.

Nyaya kuukuu usizichome ili kupata shaba. Ganda lake mara nyingi ni PVC, na klorini yake ikiungua pamoja na shaba huzalisha kwa wingi dioksini, kemikali zenye sumu kali.

Betri za lithiamu, za simu au za tochi, ziba ncha zake kwa selotepu na uzipeleke kwa wanaopokea vifaa vya umeme. Zikitupwa kwenye pipa, gari la taka huzibana, hutoboka na kuwaka. Iliyovimba usiichaji wala usiitoboe. Iweke kwenye kopo la chuma lenye mchanga mkavu, nje ya nyumba, mbali na vinavyoshika moto, na usikaze kifuniko.