Nilivyoifanya programu itaje makosa yote kwa mkupuo mmoja

Programu ninayoitunza, iliyoandikwa kwa lugha ya Go, husoma faili la CSV (jedwali lililohifadhiwa kama maandishi) lenye michango ya wanachama wa chama cha akiba na mikopo na kukagua kila mstari kabla ya kuuingiza kwenye hifadhidata. Zamani ilisimama palepale ilipokutana na kosa la kwanza. Mhasibu alirekebisha namba ya simu iliyopungua tarakimu katika mstari wa 14, akalipakia faili upya, kisha akaambiwa kuwa tarehe ya mstari wa 15 haisomeki. Akiirekebisha hiyo, linazuka jingine.

Tangu toleo la 1.20, lililotoka Februari 2023, Go ina errors.Join, ambayo hupokea makosa kadhaa na kurudisha moja linaloyabeba yote. Thamani za nil, yaani zisizo na kosa, huziacha, na pasipo kosa lolote hurudisha nil, kwa hiyo hakuna haja ya kuhesabu chochote kabla ya kuiita. Kila kosa nililifunga kwanza kwa fmt.Errorf na alama ya %w, ambayo hulibakiza kosa la asili ndani ya jipya, nikitaja namba ya mstari na jina la safu, kwa kuwa ujumbe wa "tarehe si sahihi" unaojirudia ukurasa mzima haumsaidii mtu. Mkusanyiko ukichapishwa, kila kosa hupata mstari wake, na errors.Is hulitambua kosa la asili hata likiwa ndani kabisa ya mkusanyiko. Tahadhari ni kwa errors.Unwrap, ambayo hutoa kosa lililofungwa ndani ya jingine: ikipewa mkusanyiko huo hurudisha nil.

Ugumu hasa ulikuwa kuamua yapi yakusanywe. Faili likikosa safu ya tarehe, kila mstari utalalamika, ilhali chanzo ni kimoja. Kwa hiyo makosa ya muundo wa faili husimamisha kazi mara moja, na yale ya mistari, ambayo hayategemeani, ndiyo yanayokusanywa. Hata ndani ya mstari mmoja, kiasi kisichosomeka kama namba hakikaguliwi tena kama kimevuka kiwango cha juu. Kukikagua tena ni kumchosha mhasibu bure.

Palibaki sehemu ya hifadhidata. Uingizaji ukishindwa, programu huita tx.Rollback ili kubatilisha muamala (mabadiliko ya hifadhidata yanayokubaliwa au kufutwa yote kwa pamoja), na ubatilishaji wenyewe ukishindwa, kosa lake lilikuwa likilifuta la awali, ambalo ndilo lenye maelezo ya kilichotokea. Sasa inarudisha errors.Join(err, tx.Rollback()): yakiwa mawili, logi (kumbukumbu za programu) huyaonyesha yote kwa mpangilio huo, na ubatilishaji ukifaulu, hubaki lile la awali peke yake.