Huwezi kuipigia nchi yako

Jumapili, 18 Mei 2025

Nimeamka saa nne asubuhi, kichwa kizito. Jana zamu yangu kwenye nyumba ya wazee iliisha saa tano usiku, nami sikuondoka. Nilibaki sebuleni na Bibi mpaka karibu saa saba tukitazama fainali ya Eurovision, mashindano ya nyimbo ya nchi za Ulaya, kutoka Basel, Uswisi.

Huu ni mwaka wa saba niko Uholanzi na sijawahi kuyafuatilia mashindano hayo. Kila Mei nilikuwa nawaona wenzangu kazini wakibishana kuhusu nyimbo, nikawaachia wenyewe. Niliona ni sherehe ya Wazungu, ya mavazi ya kumetameta na moshi jukwaani. Mwaka huu Uholanzi ikampeleka Claude Kiambe, kijana wa miaka 21, mzaliwa wa Kongo. Alifika huku akiwa na miaka tisa, yeye na mama yake na ndugu zake, wakaanzia maisha kwenye kituo cha waomba hifadhi. Niliposikia hivyo nikasema basi, hili nalo linanihusu.

Mimi ni mtu wa Kigoma. Kwetu mkimbizi wa Kikongo si habari ya redioni. Kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa mwaka 1996 nilikuwa sijaanza hata shule, lakini nakumbuka mama akirudi kutoka mwalo wa Kibirizi, anatua ndoo ya dagaa, anasema kwa sauti ya chini, "Wameshuka wengine." Darasa la tatu niliketi dawati moja na binti aliyetoka Uvira. Akisema "batoto" badala ya watoto, darasa zima tunacheka, mimi nikiwemo, na mpaka leo naona haya. Alikuwa anaimba huku anapiga dawati kwa vidole, taratibu, kidole kimoja kimoja, mpaka mwalimu agonge ubao. Siku moja nikafika dawati likiwa na mtu mmoja. Wakasema familia yao imepelekwa kambini. Sikumwona tena.

Sasa nirudi kwa Bibi. Kazini namwita kwa jina la ukoo, kama desturi yao ilivyo, ila humu acha nimwite Bibi. Ana miaka 86 na ameyatazama mashindano haya karibu tangu yaanze. Yalianza mwaka 1956 kule Lugano, nchi saba tu, na wenyeji Uswisi ndio waliotwaa ushindi. Mwaka uliofuata Corry Brokken akashinda kwa niaba ya Uholanzi, Bibi akiwa msichana wa miaka 18. Miaka ya ushindi wa Uholanzi anaihesabu kwa vidole: 1957, 1959, 1969, 1975, halafu kimya cha miaka 44 hadi Duncan Laurence mwaka 2019. Akifika kwenye 1975 huwa anatabasamu peke yake, nami simuulizi kulikuwa na nini.

Jana alikuwa na karatasi yake mapajani, ameichora mistari kwa rula tangu mchana: nchi zote 26 za fainali, na penseli aliyoichonga kwa kisu cha mezani. Mkono unamtetemeka, lakini mistari imenyooka. Anatoa pointi kama zinavyotolewa kwenye mashindano yenyewe: 12 kwa wimbo anaoupenda zaidi, 10 kwa wa pili, kisha 8 kushuka hadi 1.

Tulipokuwa tunasubiri ndipo akaniambia, "Unajua Afrika iliwahi kushiriki?" Sikujua. Mwaka 1980 mashindano yalifanyika Den Haag, hapa hapa Uholanzi, na Morocco ikaleta mwimbaji, Samira Bensaid, akaimba kwa Kiarabu. Redio na televisheni za Afrika Kaskazini nazo zimo kwenye Umoja wa Utangazaji wa Ulaya, unaoandaa mashindano haya, ndiyo maana mlango ulikuwa wazi. Alipata pointi saba, zote kutoka Italia. Nchi nyingine zote hazikumpa kitu. Morocco haikurudi tena, na hakuna nchi nyingine ya Afrika iliyowahi kushiriki. Bibi alilisema hilo kwa uchungu, kana kwamba yeye ndiye aliyewanyima.

Asubuhi hii nimesoma zaidi nikiwa bado kitandani. Mwaka 1967, kule Vienna, Ureno iliwakilishwa na Eduardo Nascimento, mzaliwa wa Luanda. Angola ilikuwa ingali koloni, na vita vya ukombozi vilikuwa vimepamba moto. Akasimama kwenye runinga za Ulaya akiimba kwa jina la nchi iliyokuwa inawatawala watu wa kwao. Nimeweka simu chini nikabaki naangalia dari.

Claude aliimba wa kumi na mbili. Wimbo wake umechanganya Kifaransa na Kiingereza, na amesema unatokana na mama yake, na maneno aliyokuwa akiwaambia wanawe mambo yalipokuwa magumu: ndiyo maisha. Nilidhani nitasikiliza kama ninavyosikiliza nyimbo nyingine. Lakini mwishoni akasimama mbele ya kioo, na ndani ya kioo alikuwepo mtoto wa kiume, mdogo, anamtazama. Ni yeye mwenyewe wa wakati ule. Nikakumbuka vidole vya yule binti vinavyopiga dawati. Nililia, na sikujificha. Bibi akaniwekea mkono juu ya goti, macho yake yakiwa palepale kwenye runinga.

Nikachukua simu nipige kura. Bibi akacheka kidogo. "Weka simu yako," akasema. "Huwezi kuipigia nchi yako."

Sheria ndiyo hiyo. Kura yangu ikitoka Uholanzi inahesabiwa ya Uholanzi, na Uholanzi haiwezi kujipa pointi. Lakini ni yale maneno yake, "nchi yako", yaliyonigusa. Miaka saba nimejaza fomu za ukaazi, nimekaa kwenye viti vya plastiki nikisubiri namba yangu iitwe, nimeulizwa na watu wema kabisa "hasa unatoka wapi?" na "utarudi lini kwenu?" Jana ndiyo mara ya kwanza mtu kunihesabu wa hapa bila hata kufikiri, na ikawa katika kuninyima kitu nilichokitaka.

Nikampigia mdogo wangu Kigoma. Tangu mwaka 2023, mashindano yalipokuwa Liverpool, watu wa nchi zisizoshiriki wanaweza kupiga kura mtandaoni kwa kadi ya benki. Kura zao zote, kutoka dunia nzima, hujumlishwa na kuhesabiwa kama za nchi moja. Kwao ilikuwa inakaribia saa sita usiku.

"Dada, kuna nini?" Alishtuka, alidhani ni msiba.

"Hakuna msiba. Nataka unipigie kura."

"Kura ya nini tena? Uchaguzi si Oktoba?"

Nikamweleza. Akanielewa haraka zaidi ya nilivyotarajia, hasa nilipomwambia kijana ni wa Kongo. "Wa ng'ambo hapo?" akauliza, maana kwetu Kongo yote ni ng'ambo ya ziwa. Sasa hivi kuna jamaa wamefikia kwa jirani yetu wakitokea Kivu. Goma ilitekwa Januari, Bukavu ikafuata Februari, na kina mama wanafika na watoto wasio na hata ndala. Mdogo wangu akafungua tovuti, akapata wimbo, akaingiza kadi. Ikakataliwa. Akajaribu tena, ikakataliwa. Ya tatu, hivyo hivyo. Nilikuwa nasikia pumzi zake kwenye simu na majogoo ya jirani yanayowika kabla ya saa yake. Dirisha la kupiga kura likafungwa kadi ikiwa bado inagoma.

"Samahani, dada," akasema. Kana kwamba kosa ni lake.

Matokeo nitayapitia haraka. Austria ilishinda, kijana anayejiita JJ, mwenye sauti nyembamba ya opera inayopanda mpaka unashika kiti. Kilichoniuma ni wenyeji. Majaji walikuwa wameipandisha Uswisi karibu na kilele, kisha zikasomwa kura za watu: sifuri. Pale pale Basel, mbele ya watu wa kwao. Yule binti wa Uswisi alikuwa ameimba kwa utulivu na upole, na sitakubali kwamba wimbo ule ulistahili sifuri. Siasa nazo zilikuwepo, ndani ya ukumbi na nje, na wengi wataziandika. Claude alimaliza wa kumi na mbili, pointi 175. Kwenye karatasi ya Bibi alikuwa wa kwanza, maana kwenye karatasi yake sheria ni zake.

Nikamsukuma kwenye kiti chake hadi chumbani, nikamvua viatu, nikamtandikia. Nilipotaka kuichukua ile karatasi niiweke mezani, akaishika.

"Bado haijakwisha," akasema.

Akaomba miwani. Akaomba penseli. Chini kabisa, baada ya Albania, akachora mstari mwingine, safari hii bila rula, ukapinda. Akaandika TANZANIA, herufi moja baada ya nyingine, akisimama kila mara kupumzisha mkono. Kisha akajikohoza, akaketi wima kitandani kama wale watangazaji wanaosimamia matokeo.

"Habari za jioni, Tanzania," akasema. "Tunasubiri pointi zenu."

Nilisimama na viatu vyake mkononi. Nikampa mdogo wangu nafasi yake, nikampa na yule binti wa Uvira, kisha nikasema: Uholanzi, kumi na mbili. Bibi akaandika 1, akapumzika, akaandika 2.