Moshi wa rodi za kujazia ulivyonivuruga mwendo, na bomba la bati lililonirudisha kazini

Naanza na maziwa, kwa sababu maziwa yalinipotezea karibu miaka miwili kabla sijajua kwamba moshi wa kuchomelea ndio unaoniumiza. Fundi aliyenifundisha kuchomelea nikiwa na miaka 19 aliniambia nikimaliza kazi ninywe nusu lita, yanasafisha kifua. Nikaamini, na vijana wangu nikawafundisha hivyohivyo. Mwili ulipoanza kubadilika, kila niliyemweleza aliuliza swali moja: "Lakini maziwa unakunywa?" Nakunywa. "Basi ongeza." Nikaongeza. Maziwa yanakwenda tumboni, moshi unakwenda mapafuni na kutoka huko unaingia kwenye damu. Havikutani popote. Nadhani imani hii ilizaliwa kwenye mabomba ya zinki: ukiyachomea, usiku unapata homa na kutetemeka kwa baridi, na kwa kawaida baada ya siku moja au mbili inaisha yenyewe. Aliyekunywa maziwa anadhani ni maziwa. Mimi ugonjwa wangu haukuwa wa siku moja.

Karakana yangu iko Kizota, hapa Dodoma. Tangu Serikali ilipohamia Dodoma, kazi za mageti na grili hazikauki, lakini fedha yangu nzuri haikutoka kwenye mageti, ilitoka kwenye alizeti. Msimu ukifika, mashine za kukamua mafuta kuanzia hapa mjini hadi Singida zinaunguruma usiku na mchana, na ile skrubu ya ndani inayosukuma mbegu inalika upesi sana. Mpya ni ghali, kwa hiyo wenye mashine wanatuletea iliyolika tuijazie. Unachoma safu juu ya safu kwa rodi ngumu, ndizo rodi za kujazia, kisha unaisawazisha kwa grainda mpaka irudi kimo chake. Skrubu moja inaweza kumaliza pakiti nzima ya rodi. Unainama juu yake saa nne, saa tano, uso uko pale pale moshi unapopanda. Na kwa kuwa upepo wa Julai huku kwetu unaharibu mshono na kuuachia vitobo, kazi hiyo nilikuwa naifanyia chumba cha ndani, mlango nimeufunga. Msimu baada ya msimu. Nilijulikana kwa kazi hiyo, watu walitoka Kibaigwa na nyundo za mashine za kusaga wakanikuta mimi.

Kilichoanza ni hasira. Nilimfokea mteja wa siku nyingi kwa jambo la shilingi elfu tano. Usingizi ukakatika. Nikawa napima mlango, nafika mezani vipimo vimeshatoka kichwani, narudi kupima tena. Nikiandika risiti, neno la kwanza linasomeka, na kufika mwisho wa mstari herufi zimekuwa kama sisimizi. Kwenye simu watu wakawa wananiambia nipaze sauti, nami nilijiona nimeipaza. Mama watoto ndiye aliyeona la uso. Aliniambia, "Baba, siku hizi hata ukifurahi siioni furaha yenyewe." Nilidhani ananilaumu.

Halafu ikaja siku ya geti la Ipagala. Tumelibeba wawili, mpwa wangu anatazama mbele, mimi natembea kinyumenyume. Hatua ya tatu miguu ikagoma. Sikuteleza, ardhi ilikuwa kavu kama kigae. Kisigino tu hakikutaka kurudi nyuma. Nikaanguka chali mzimamzima, na geti likanikalia kwenye paja. Mpwa wangu akawa anauliza, "Mjomba, umejikwaa wapi?" Sikuwa na jibu. Kabla ya hapo mambo mengine yote nilikuwa na sababu yake: hasira ni madeni, usingizi ni joto, mwandiko ni uchovu. La kuanguka kinyumenyume sikulipatia sababu.

Ushauri ulimiminika. Jirani mmoja alisema nimerogwa na fundi mwenzangu, akanitajia na njia ya kwenda kwa mganga. Mwingine akasema ni presha. Zahanati ya kwanza nilitibiwa malaria, nikarudi nikatibiwa taifodi. Hakuna hata mmoja, na hili linaniuma mpaka leo, aliyeniuliza nafanya kazi gani. Ukienda kutibiwa na wewe ni fundi, usisubiri kuulizwa. Sema: nachomelea, kwa miaka kadhaa, natumia rodi za aina hii, ndani au nje. Pakiti ya rodi ibebe, ina maandishi.

Aliyeniuliza ni daktari wa mishipa ya fahamu, baada ya shemeji yangu kunisukuma niende hospitali kubwa. Swali lake la kwanza: "Fundi, unachomea nini hasa?" Nikamweleza habari za skrubu. Akaweka kalamu chini. Akaniambia nitembee mbele, nikaenda vizuri, ila mkono mmoja hauchezi. Akasema nigeuke, nikageuka vipande vipande kama lori kwenye kichochoro. Akasema nirudi kinyumenyume, akasimama mwenyewe nyuma yangu, na ni vizuri alisimama.

Kipimo cha MRI, picha ya ndani ya kichwa, kilionyesha mng'ao mweupe pande zote mbili, ndani kabisa ya ubongo, kwenye sehemu inayosaidia kuendesha mwendo. Kwa mtu mwenye ini zima kama mimi, alisema, mng'ao huo pamoja na kazi yangu unaelekeza kwenye manganizi, madini yaliyomo kwenye rodi. Bima sikuwa nayo. Vipimo vyote vilikula kama laki sita, labda saba, niliuza mashine moja ya zamani. Damu yenyewe haikutoa habari kubwa. Alinieleza kwamba manganizi haikai sana kwenye damu, kwa hiyo damu inasema zaidi ya siku za karibuni kuliko ya miaka iliyopita.

Alivyonieleza ndivyo ninavyowaeleza mafundi wenzangu. Manganizi imewekwa kwenye rodi kwa sababu inatia chuma nguvu, na baadhi ya rodi za kujazia zina zaidi ya asilimia 10. Inachemka kwenye nyuzi 2,061 za Selsiasi, chuma chenyewe kwenye 2,862, kwa hiyo kwenye moto wa rodi manganizi inatangulia kuwa mvuke. Moshi unakuwa na manganizi nyingi kuliko rodi ilivyo. Kwenye chakula tunaila kila siku, imo kwenye chai, karanga na maharage, na mwili unaihitaji kidogo. Inayozidi ini linaitoa kwa njia ya nyongo. Ile ya kuvuta haipiti kwanza kwenye ini. Inatoka mapafuni, inaingia kwenye damu, inapanda kichwani, na nyingine inaweza kupita kwenye mshipa wa fahamu wa pua. Na kama damu yako ina upungufu wa madini ya chuma, kama yangu ilivyokutwa, mwili unafyonza manganizi zaidi, kwa kuwa madini hayo mawili yanatumia mlango mmoja. Nikapewa vidonge vya kuongeza chuma na kukatazwa kunywa chai wakati wa kula.

Wala si ugonjwa mpya. Mwaka 1837, huko Glasgow, Uskoti, daktari aitwaye Couper aliandika juu ya wafanyakazi waliokuwa wakisaga manganizi nyeusi kwenye kiwanda cha dawa ya kung'arishia nguo: miguu dhaifu, mwili umeinama mbele, sauti ya kunong'ona. Niliposikia hivyo nilinyamaza muda mrefu. Karibu miaka mia mbili watu wanajua, na mimi nilikuwa naongezewa maziwa.

Nilijaribiwa pia vidonge vya levodopa, vile wanavyopewa wenye ugonjwa wa Parkinson, kwa sababu dalili zinafanana. Havikunisaidia cha maana, na daktari alikuwa ameshaniambia huenda visisaidie, kwa kuwa sehemu ya ubongo inayoumia zaidi si ileile. Dawa kubwa, akasema, ni kutoka kwenye moshi. Miezi minne sikushika rodi. Nilipima mageti, nilipanga bei, mpwa wangu akachomea uani. Lakini skrubu za alizeti zilikuwa zinakuja, na watoto wanasoma.

Sasa nieleze jinsi nilivyoushinda moshi, maana haikuwa mara moja.

Kwanza nilinunua feni kubwa ya kusimama nikaiweka mgongoni kwangu. Kosa. Upepo ukitoka nyuma yako, mwili wako unaukinga, na mbele ya kifua hewa inajizungusha kama maji nyuma ya jiwe la mtoni. Moshi ukawa unanizunguka usoni, humo humo ndani ya kinga ya uso. Nikaigeuza ipulize kutoka mbele, ikanirudishia moshi puani. Upande wa kushoto ndiyo ilisaidia, lakini nikiisogeza karibu mshono unapata vitobo, nikiiweka mbali haifanyi kazi. Na moshi wenyewe unabaki chumbani. Kwa anayechomea nje, hilo la ubavuni lishike: upepo ukupitie ubavuni, usiupe mgongo wala uso.

Ndipo nikafikiri: badala ya kusukuma, nivute. Kwa muuza chuma chakavu nilipata feni ya mhunzi, ile ya kufukutia moto wa mkaa, kama elfu arobaini baada ya kubishana. Ina mdomo wa kutolea hewa na jicho la kuvutia ubavuni, na watu wote hutumia mdomo. Mimi nikashika jicho. Nikafunga bomba la plastiki la maji machafu la inchi sita, nikaning'iniza mdomo wake juu ya meza, karibu mita moja, kama dohani ya jikoni. Kelele nyingi, na moshi ukapita pembeni kana kwamba hakuna kitu. Mbaya zaidi, moshi unaopanda kuelekea juu unapita kwanza usoni kwangu. Siku ya pili cheche ikatoboa plastiki.

Jioni mama watoto alikuwa amefukiza ubani. Nikauangalia moshi ule mwembamba, nikamwomba kile chetezo. Nikawasha feni, nikakisogeza mbele ya mdomo wa bomba kidogo kidogo, na nikaona kwa macho yangu: karibu na mdomo, moshi wa ubani unaingia wima kama uzi kwenye tundu la sindano. Nikirudi nyuma shibiri moja, unaanza kusitasita. Shibiri mbili, unapanda zake juu. Baadaye nikajifunza kwamba ukiwa mbali na mdomo kwa kiasi cha upana wake, mwendo wa hewa unabaki kama sehemu moja ya kumi. Ubani ulikuwa umeshaniambia. Tangu siku hiyo, kila nikihamisha bomba, napima kwa ubani kwanza.

Kwa hiyo mdomo ulitakiwa uifuate rodi, shibiri moja, kwa pembeni na si juu. Fundi bati wa Majengo alinikunjia bomba la bati na mdomo mpana wa kubapa. Katikati nikaunga mpira wa kuvutia hewa wa lori, ili upinde. Kuushikilia ndiko kulikonisumbua wiki nzima. Nilifunga kwa waya, kwa kamba, mpwa wangu akashika kwa mkono. Halafu nikang'oa sumaku mbili za spika zilizokufa nikazifunga chini ya mdomo. Ukiuweka mezani, unang'ang'ania popote. Furaha yangu ikadumu rodi moja tu: mashine yangu ni inveta, ya umeme unaokwenda upande mmoja, na sumaku ikiwa karibu moto wa rodi unavutwa pembeni, unakimbia mshono. Nikatengeneza mkono wa nondo, sumaku zikakaa mbali kwenye ukingo wa meza, mdomo ukabaki karibu na kazi. Hapo moto ukatulia, na kwa mara ya kwanza niliona moshi wa rodi ya kujazia ukilala ubavu na kuingia bombani kabla haujanifikia. Nilizima mashine nikakaa chini. Sioni aibu kusema nililia.

Upande wa kutolea nimeupandisha juu ya paa, usimwangukie jirani. Navaa pia maski ya mpira yenye vichujio viwili vya vumbi laini, elfu themanini hivi nilipoinunua, na ndevu nimenyoa kwa sababu maski haishiki juu ya ndevu. Kitambaa cha shingoni hakichuji moshi huu. Chembe zake ni ndogo mno. Ampea, yaani nguvu ya umeme wa mashine, nimeshusha hadi zile zinazotosha, moto naufupisha, na skrubu nimeinyanyua juu ya meza ili nisiiinamie. Kama umeajiriwa, haya usinunue wewe: Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamdai mwajiri wako, na ukiumwa kwa sababu ya kazi, ulizia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mimi najiajiri, nililipa mwenyewe.

Usingizi ulirudi ndani ya miezi michache. Hasira imepungua, yule mteja nilimfuata nyumbani nikamwomba radhi. Picha ya pili, baada ya mwaka na kitu, mng'ao ulikuwa umefifia sana. Daktari hakunidanganya: mng'ao kufifia ni manganizi kuondoka, si jeraha kupona. Mwandiko wangu bado unadogoka. Kinyumenyume sitembei, geti nabeba mbele, mpwa wangu nyuma, na nyumbani wanajua.

Mwezi uliopita tulilifungua bomba kulisafisha, tumelilowanisha kwanza vumbi lisipeperuke. Tope la rangi ya kutu lililotoka msimu mmoja limejaa kopo la robo lita, na hilo ni lile lililobaki bombani tu. Nimelikausha, nimelifunga kwa mfuniko, liko kwenye rafu juu ya mashine. Kijana akija kujifunza kazi na chupa yake ya maziwa mkononi, namwacha anywe, maana ni chakula. Halafu namshushia lile kopo, alishike, aone uzito wake.