Maelezo ya toleo yanarudia komiti za zamani: kasoro ilikuwa kwenye tegi

Programu ya tiketi za boti za Unguja–Pemba imefika v1.4, lakini maelezo ya kila toleo, yanayotolewa kutoka Git (programu ya kutunza historia ya msimbo), yalirudia komiti (mabadiliko yaliyohifadhiwa) zote tangu v1.2. Kuvuta klonu (nakala ya hazina ya msimbo) upya hakukusaidia, wala `git fetch --tags`.

Kumbe `git describe --abbrev=0`, amri inayotafuta tegi (alama ya toleo) ya karibuni ya kuanzia maelezo, huruka tegi nyepesi, yaani jina tu lisilo na ujumbe wake, na v1.3 na v1.4 ziliwekwa bila `-a`. Nikazigeuza moja moja:

`git tag -a -f v1.4 v1.4^{} -m "Toleo 1.4"`

Hiyo `^{}`, inayoelekeza kwenye komiti yenyewe, msiiache jamani: ukirudia amri bila yake, tegi inashika tegi badala ya komiti. Halafu `git push -f origin v1.4`, na kabla ya kuweka tegi ya v1.5, nikatoa orodha ya komiti tangu v1.4 hadi sasa (`HEAD`):

`git log v1.4..HEAD --no-merges --pretty='- %s (%h)'`

Alhamdulillahi, kila mstari una namba ya komiti yake. Wenye klonu za zamani wapige `git fetch --tags --force`.